Tuna siku moja tu Mji Mkongwe na mama ana goti bovu, tumlipe mtu atutembeze au simu inatosha?

"Shikamoo mzee. Sisi tunatoka Morogoro, mwezi ujao nataka nimpeleke mama yangu (ana miaka 67, goti la kulia linamsumbua) pamoja na wanangu wawili, wa miaka 9 na 13, wakaione Zanzibar. Tutaingia na boti ya asubuhi kutoka Dar na kurudi na ya jioni, kwa hiyo tuna kama saa sita hivi za kuzunguka. Nimeandika orodha ya sehemu kumi na nne za kuona. Shemeji yangu anasema kulipa mtu wa kutembeza ni kutupa hela, ramani si ipo kwenye simu, halafu wale jamaa wanatunga hadithi tu. Mwingine kaniambia Beit al-Ajaib ilishaanguka kwa hiyo hakuna tena cha maana cha kuona. Naomba ushauri wako, nisije nikamchosha mama bure."

Marahaba mwanangu, na mama msalimie sana. Nimekusoma vizuri. Hela unazifikiria ndio, ila naona kinachokunyima usingizi ni mama aje mpaka huku halafu aishie kukaa kwenye baraza ya mtu kashika goti, na nyinyi mko mbio na orodha. Nikupe jibu langu mwanzoni kabisa halafu nieleze: pale pwani, kutoka bandarini mpaka bustani ya Forodhani, tembeeni wenyewe wala msilipe mtu. Ndani ya vichochoro mchukue mtembezaji mwenye kibali, saa mbili tu zinatosha. Na hiyo orodha ya sehemu kumi na nne ikate zibaki tano, hapo ndipo ugomvi wangu mimi na wewe ulipo, nitakuja.

Tuanze na Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, maana naona imekuvunja moyo. Haijaanguka yote. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakafariki, Mungu awarehemu, na ilikuwa kwenye ukarabati wakati huo huo. Tangu hapo kuna kazi ya kuijenga upya, kwa hiyo ukifika ulizia siku hiyo hali ikoje, ila wewe jipange kuiona kutoka nje tu ikiwa ndani ya uzio. Na hata kwa nje bado ina mengi. Aliijenga Sultan Barghash bin Said mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na kuonesha ukubwa, ina zile nguzo ndefu za chuma na roshani pana zinazozunguka, ikawa ya kwanza hapa kisiwani kuwashwa taa za umeme, na watu wakaipa jina hilo kwa sababu kwa kweli waliistaajabia.

Kwa nini jengo kubwa vile lianguke? Hili watembezaji wengi hulipita haraka na mimi naona ndilo linalokufundisha kuuangalia mji mzima, kwa hiyo nivumilie kidogo. Nyumba za Mji Mkongwe hazikujengwa kwa mawe magumu kama watu wanavyodhani wakisikia "mji wa mawe". Ni mawe ya matumbawe, mepesi, yana matundu matundu, yameshikwa na chokaa na udongo mwekundu, kuta nene nusu mita na zaidi, halafu dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unafanya kazi kama mtungi wa udongo, unanyonya unyevu na kuutoa nje polepole, ndio maana ndani kuna ubaridi. Sasa mvua ya masika ikipata tundu kwenye paa ambalo halikuzibwa, maji yanashuka ndani ya ukuta, udongo unalainika, vichwa vya boriti vinaoza pale vilipoingia ukutani, na boriti ndizo zinazoshika kuta zisitengane. Akija fundi akapiga plasta ya saruji juu ili ipendeze ndio balaa zaidi, saruji haipumui, unyevu unabaki ndani na ukuta unaoza huku nje unang'aa. Ongeza na historia: baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba zikataifishwa, zikagawiwa kwa familia nyingi nyingi, nyumba moja wapangaji kumi na hakuna anayejiona ndiye wa kuziba paa. Kwa hiyo mkiwa mnatembea mwambie yule mwanao wa miaka 13 aangalie kuta, atajua mwenyewe ipi imepigwa chokaa na ipi saruji, na ipi iko njiani kuanguka. Hilo atalikumbuka kuliko tarehe yoyote.

Boriti hizo hizo zinaeleza na kitu kingine. Mti wa mkoko hautoi gogo refu sana lililonyooka, kwa hiyo chumba kinakuwa na upana wa kama mita tatu basi, mtu akitaka chumba kikubwa anakirefusha, hawezi kukipanua. Ndio maana ukiingia nyumba za zamani, na hata makasri, unakuta vyumba virefu vyembamba vimezunguka ua wa katikati ulio wazi juu. Na nje vilevile. Watu hawakuchora barabara halafu wakajenga, nyumba ndiyo ilitangulia, mtoto akioa wanaongeza upande, ndugu wakijenga ng'ambo ya njia wanaunganisha kwa wikio, yaani daraja la nyumba kwa nyumba huko juu, ili wanawake wapite bila kutoka barabarani, na njia ikawa ni kile kilichobaki baada ya nyumba. Wala msidhani ni ovyo, vichochoro vile vinakaa kivulini karibu mchana kutwa na upepo wa bahari unapita humo.

Na hapo ndipo ramani ya simu inapokwama. Simu inajua uko wapi kwa kupokea mawimbi kutoka setilaiti, na inahitaji kuona mbingu kubwa. Ukiwa kwenye njia ya upana wa mita mbili na kuta za ghorofa tatu kila upande, mbingu unayoiona ni utepe tu, mawimbi yanagonga ukuta kwanza ndio yanafika, na simu inakuweka kichochoro cha pili au cha tatu yake. Barabara kubwa kosa la mita kumi halina neno, huku mita kumi ni mtaa mwingine kabisa. Sikwambii utapotea mpaka usiku, hapana, mji ni mdogo na ukienda mstari mmoja kwa muda utatokea ama baharini ama barabara kuu ya Darajani. Kijana mwenye miguu mizima kupotea humo ni raha na mimi huwahimiza wapotee. Lakini mama mwenye goti, kila kona iliyokosewa ni hatua mia mbili za kwenda na mia mbili za kurudi, na njia nyingine sakafu yake imebomoka. Kwa hiyo katika hali yenu unayemlipa anawaokolea hatua kabla hata hajafungua mdomo kusema historia.

Haya tuje kwa shemeji, kwamba jamaa wanatunga hadithi. Ana haki kiasi, sitamtetea kila mtu wa kazi yangu. Kuna hadithi zinazosimuliwa kwa sababu mgeni anazipenda. Mfano misumari mikubwa ya shaba kwenye milango, utaambiwa ni ya kuzuia tembo wasivunje mlango. Mtindo huo umetoka Bara Hindi na huko ndiko hadithi ya tembo wa vita ilikotokea, Zanzibar hakuna tembo aliyewahi kuja kupiga mlango wa mtu, hapa ni pambo na ni kuonesha kwamba mwenye nyumba anazo. Mlango wenyewe una ya kusoma bila kutunga: ule wa juu mraba ulionyooka ndio mtindo wa zamani wa Kiarabu, wa juu upinde umekuja baadaye na mafundi na matajiri wa Kihindi, tazameni nakshi za samaki, minyororo, mayungiyungi, na ule mti wa katikati unaitwa mfaa, umeshikamana na ubao wa kushoto.

Au Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen. Ni kweli alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na makumbusho yake yako Shangani tangu 2019, lakini nyumba zinazooneshwa kwamba "hapa ndipo alipokaa" ni zaidi ya moja, kwa hiyo mtu akikuapia kwa ukali mno we itikia tu mwende mbele.

Lililo zito ni la Mkunazini, na hapa nataka uwe makini kwa sababu utakuwa na watoto. Pale palikuwa na soko la watumwa, hilo halina shaka hata chembe. Mwezi Juni 1873 Sultan Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini na soko likafungwa, na Krismasi ya mwaka huo huo misheni ya Waanglikana ikaweka jiwe la msingi la kanisa kuu juu ya uwanja ule. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, huyu ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Maandiko, alifariki 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe, inasemwa ndipo uliposimama mti waliofungiwa watu na kuchapwa. Na kuna msalaba wa mti uliotoka Chitambo, kule moyo wa Livingstone ulikozikwa.

Sasa jirani hapo kuna jengo lililokuwa hospitali ya misheni, na chini yake kuna vyumba viwili vya dari fupi ambavyo wageni huingizwa na kuambiwa humu ndimo watumwa walijazwa wakisubiri kuuzwa. Wanahistoria kadhaa wanapinga hilo, na sababu yao ni nyepesi kueleweka: jengo lile lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, kwa hiyo vyumba vya chini yake vinaelekea zaidi kuwa vilikuwa stoo ya hospitali. Mimi nakwambia wazi nakubaliana nao. Na nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu mateso ya watu waliouzwa pale hayahitaji kuongezewa chumba. Lipo onesho zuri la historia ya utumwa hapo hapo, na nje kuna ule mchongo wa mwaka 1998 wa msanii wa Kisweden Clara Sörnäs, watu watano wamesimama ndani ya shimo na minyororo shingoni, na minyororo ile ni ya kweli ya enzi zile. Hapo simameni. Mama anaweza kuona bila kupanda wala kushuka ngazi hata moja, ngazi za vile vyumba ni nyembamba na lazima uiname, goti lake halina sababu ya kupelekwa huko.

Jambo jingine ambalo watu wengi wanalikosea, hata wasomi: kufungwa kwa soko 1873 hakukumaliza utumwa. Watu waliendelea kumilikiwa mashambani kwenye mikarafuu mpaka amri ya 1897, na masuria walichelewa zaidi, mpaka 1909. Mtoto wa miaka 13 mwambie hivyo hivyo. Yule wa miaka 9 mwambie watu walichukuliwa kwao kwa nguvu wakauzwa, wengine walitokea hukohuko bara kwetu, na mwache aulize mwenyewe, akiuliza mjibu, asipouliza usimlazimishe. Usimsukume mbele ya mchongo apige picha anacheka, hilo tu nakuomba.

Kwa hiyo swali la kumpima mtembezaji kabla hujatoa hela unalo tayari. Muulize: vile vyumba vya chini pale Mkunazini vilijengwa lini? Akikujibu kwamba kuna ubishi na akakueleza pande zote mbili, huyo mchukue. Akikwambia kwa sauti ya filamu kwamba humo walilala watu sabini na watano, mshukuru kwa adabu na tafuta mwingine. Halafu akuoneshe kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, kinavaliwa shingoni na kina picha, mwenye nacho hawezi kukasirika ukitaka kukisoma. Pale bandarini mkishuka tu mtazungukwa na papasi, vijana wa kukuvuta huku na kule, wengine watasema ni ndugu wa nahodha, we sema "ahsante tuna mwenyeji wetu" na uendelee kutembea, usisimame kueleza. Bei mpatane kabla, semeni ni ya familia nzima na si ya kichwa kimoja kimoja, ni ya saa ngapi, na viingilio vimo au havimo. Na chukueni vitambulisho vya taifa, maana sehemu nyingi Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, bila kitambulisho mtabishana bure dirishani. Kama una muda, ulizia kabla hata hujasafiri kwa mtu aliyewahi kutembezwa huku akaridhika akupe namba, hiyo ni bora kuliko kuchagua mtu ukiwa na mabegi mkononi na jua limewaka.

Sasa orodha. Sehemu kumi na nne kwa saa sita na mtu wa goti, hesabu mwenyewe, toa chakula, toa sala, toa kwenda chooni, toa kukaa, kila sehemu inabaki na dakika kama ishirini na ndani yake kuna kutembea. Utarudi Morogoro na picha kumi na nne na mama hatakumbuka hata moja. Mimi ningefanya hivi.

Mkitoka bandarini Malindi fuateni barabara ya Mizingani mkiwa na bahari mkono wa kulia. Ni tambarare yote na mpaka Ngome Kongwe haifiki hata kilomita moja. Ya kwanza mtaiona ile zahanati ya zamani yenye roshani za mbao zilizochongwa kama kitambaa, tajiri wa Kihindi Tharia Topan aliianza 1887 na akafariki kabla haijaisha. Msiingie, simameni ng'ambo ya barabara muitazame, mama atapenda ile kazi ya mikono. Mbele kidogo kuna mtini mkubwa una kivuli, pumzikeni hapo.

Halafu ndio mnaingia kwenye uso wa ule mji mkuu wenyewe, na hapa waambie watoto wasimame. Sayyid Said alikuwa na makao yake Muscat, Oman, akahamishia kiti chake hapa, wengi wanataja mwaka 1840, yaani Oman ikawa inatawaliwa kutoka Zanzibar. Alifuata karafuu na biashara ya bara, na bandari salama ambayo pepo mbili, kaskazi na kusi, zinaileta dau na kuirudisha. Ndio maana makasri yote yamepangwa usoni mwa bahari, mwenye kutawala alitaka aone chombo kinachoingia na chombo kinachoingia kimuone yeye. Pale palikuwa na majumba matatu yameungana, Beit al-Sahel, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib. La katikati hamtalikuta. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki, binamu yake Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka, hakutoka, manowari zikafyatua mizinga. Vita nzima ilikwisha kwa dakika 38 mpaka 45 hivi kutegemea unahesabu kutoka wapi, watu kama 500 upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa, na Khalid akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani, baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Watoto hupenda kusikia ni vita fupi kuliko zote duniani, sawa, waambie, lakini waambie na hao 500. Beit al-Ajaib ilinusurika, mnara wa taa uliokuwa mbele yake ukabomolewa, na ule mnara wa saa ulioanguka 2020 uliongezwa baada ya vita hiyo.

Beit al-Sahel ndiyo kasri la makumbusho sasa, masultani walikaa pale mpaka Mapinduzi. Ulizeni getini kama iko wazi. Ina chumba cha habari za Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa 1844 na kuondoka 1866, akaolewa na Mjerumani huko Aden kisha wakahamia Hamburg, na mimi kwa mama wa miaka 67 ningechagua hicho kuliko vyote. Kuna ngazi, ila ni za kupanda polepole, mama akikataa mwacheni chini na mmoja wenu abaki naye.

Kisha Forodhani mkae, bahari ipo, viti vipo. Ngome Kongwe iko hapo hapo ng'ambo ya barabara, Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwaka 1698, ndani ya kuta zake kuna masalio ya kanisa la Wareno, imekuwa jela, ikawa karakana ya ile reli iliyokuwa inakwenda Bububu, na sasa ndipo matamasha ya muziki na filamu yanapofanyika. Ua wake una kivuli, ingieni mpumzike humo jua la saa sita likipita. Kuleni. Urojo upo mjini mchana kutwa, ila yale majiko ya jioni ya Forodhani, mishkaki na juisi ya miwa, yanaanza jua likizama na nyinyi mtakuwa mnakimbilia boti. Kwa hiyo nakuuliza kwa nia njema, hamuwezi kulala usiku mmoja? Najua ni gharama. Lakini chumba cha kawaida kwa usiku mmoja kinakupa jioni ya Forodhani na asubuhi ya vichochoro vikiwa na ubaridi, na goti linapata usiku wa kupumzika katikati. Kama hela inabana kweli, basi siku moja inawezekana, fuata hivi nilivyosema.

Mchana kama saa nane mkutane na mtembezaji. Anza naye hapo nyuma ya Ngome mtaa wa Gizenga, apite na nyinyi taratibu mpaka kanisa la Minara Miwili, lile la Wakatoliki lililojengwa miaka ya 1890 na wamisionari wa Kifaransa. Kutoka hapo kuna njia mbili. Mama akiwa bado mzima, endeleeni kwa miguu kupitia Sokomuhogo, mkae kidogo Jaws Corner wanapokunywa kahawa wazee na kubishana siasa, mpaka Mkunazini. Mama akiwa amechoka, mmoja arudi naye barabarani apande teksi izunguke kwa nje kupitia Vuga, itamshusha karibu kabisa na kanisa la Mkunazini, na wengine wamkute huko. Mwambie mtembezaji mapema kwamba mpango ndio huo, mzuri atakupangia na sehemu za kukaa, na baraza zipo kila mahali, ukisalimia vizuri hakuna atakayemkataza mama kukaa. Hamamni, vichochoro vya Malindi, nyumba ya Tippu Tip, nyumba ya Livingstone iliyo nje kule njia ya Bububu, yote hayo yaacheni safari nyingine.

Mkitoka Mkunazini mnatokea Darajani, soko lake ni la mwaka 1904. Barabara ile pana mnayoiona ilikuwa maji, kijito cha bahari kilichotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, upande wa mawe wakikaa wenye nacho na upande wa pili wafanyakazi, mafundi na watumwa walioachwa huru kwenye nyumba za udongo na makuti. Baadaye kikafukiwa. Kutoka hapo teksi mpaka bandarini ni dakika chache.

Mambo madogo ambayo yanaharibu siku: viatu vya mama viwe vya kufunga, si kandambili, vichochoro vina utelezi na mifereji. Pikipiki na baiskeli zinapita humo humo, ukisikia honi sogeeni ukutani na mshike mtoto mkono. Vaeni nguo za stara, mabega na magoti yafunikwe, hapa watu wanaishi na kusali. Ijumaa mchana maduka mengi yanafungwa kwa sala, na Ramadhani msile barabarani. Machi mpaka Mei ni masika, mvua ikipiga vichochoro vinageuka mito, kama mwezi wenu ujao ni katika hiyo basi ahirisheni kidogo.

Na goti lenyewe, mimi si daktari. Kama linavimba, linapata joto, linakwama akiinuka au linamwachia ghafla akitembea, mpeleke hospitali akaangaliwe kabla hujakata tiketi, sio akirudi. Hata kama ni maumivu ya kawaida tu ya umri, muulizeni daktari kuhusu fimbo na dawa anayoweza kubeba, halafu wiki mbili kabla atembee hapo hapo nyumbani kidogo kidogo asubuhi mjue anaweza umbali gani kabla ya kuhitaji kukaa. Huo umbali ndio umwambie mtembezaji. Na kwenye boti mkate viti vya chini karibu na mlango, ngazi za boti ikiwa bahari imechafuka ni mbaya kwake kuliko ngazi zote za Mji Mkongwe.